Doa la Dhahabu

Mikono misafi kuliko yote Mwakitolyo ni hii yangu. Nilimwambia hivyo Suzana siku ya kwanza alipofika na begi lake jeusi, nikaigeuza mbele yake juu na chini, kama muuza nyanya anayeonyesha kwamba hakuna iliyooza.

"Hujawahi kushika zebaki?" akauliza.

"Dada, mimi hata samaki akining'alia sana simli."

Tulioomba kazi ile tulikuwa vijana wengi, wote tumemaliza kidato cha nne na tumekaa tu tunahesabu magari ya mchanga. Suzana alikuwa mtafiti wa kemia kutoka chuo kikuu, anazunguka kwenye machimbo madogo kupima maji, na alitaka msaidizi mwenyeji ambaye hachimbi. Wenzangu kucha ziliwasema. Mimi zangu nilikuwa nimezisugua kwa sabuni ya mche na gunzi la mahindi mpaka zikawa kama za bwana harusi.

Aliyenidhamini ni dada yangu Zipora, fundi cherehani, ambaye nalala kwake na nakula kwake.

"Mchafu ni mdomo wake," akamwambia Suzana. "Mikono ni salama. Aliniapia siku niliyomzaa Asteria kwamba zebaki basi. Tangu hapo ndiye anayenibebea mtoto nikiwa na kazi."

Asteria alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na Zipora alikuwa na mimba nyingine iliyokwisha kuonekana. Ndiyo maana Suzana na begi lake walimfurahisha kuliko mtu yeyote pale kijijini. Kisima tunachochota maji kiko bondeni, na juu yake, kwenye mteremko, Athanas amejenga mwalo. Mwalo ni pale wachimbaji wanapooshea mchanga wao uliosagwa, wanauchanganya na zebaki ili ikamate dhahabu, kisha maji ya kijivu yanajiendea. Tangu mvua za mwaka jana yalikuwa yanajiendea kwenye mfereji unaopita karibu kabisa na kisima chetu.

Zipora alikwisha kumfuata Athanas mara nyingi. Athanas humjibu akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, kofia imeshuka usoni.

"Mama Asteria, kwangu wanaosha mchanga tu. Mtu akija na zebaki yake mfukoni, mimi nimpekue suruali?"

"Watoto wanakunywa hayo maji, Baba Selestine."

"Si kuna lambo kule nyuma ya kilima? Kachoteni huko. Kutembea ni afya."

"Kisima kilikuwepo kabla ya karasha yako. Atakayehama ni aliyekuja."

Hapo Athanas huwa anacheka, na karasha yake inaendelea kusaga mawe kama vile na yenyewe inacheka. Maneno ya Zipora hayakuwa na ushahidi. Zebaki ikishayeyukia kwenye maji huioni, huinusi, huionji. Unaona maji meupe tu, na mtu mzima kwenye kiti cha plastiki anakwambia ni mazuri.

Sasa Suzana akafungua begi. Alitoa kitu kama simu nene, chenye kioo kidogo na mdomo mwembamba upande mmoja. Kwenye ule mdomo unachomeka kipande cha plastiki, kama vile vya kupimia sukari hospitali. Mwisho wa kipande kuna doa, dogo kama punje ya mtama, linang'aa njano.

"Hii ni dhahabu," Suzana akasema.

Nikamwangalia. "Dada, hapa ukitamka hilo neno uwe umefunga mlango."

"Sikiliza kwanza. Unadondosha maji hapa juu. Kipimo kinapitisha umeme mdogo sana. Zebaki iliyomo kwenye maji inavutwa, inajibandika kwenye doa. Halafu kipimo kinageuza umeme, zebaki inabanduka, na inapobanduka inatoa alama. Kipimo kinaisoma ile alama, kinakupa namba. Ikizidi sita, maji hayo usinywe."

Nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Sisi tunatumia zebaki kukamata dhahabu. Huyu alikuwa anatumia dhahabu kukamata zebaki. Wizi ule ule, umegeuzwa tu.

Alinipa masharti mawili. Nivae glavu. Na kipande nikishike mkiani, nisiguse doa hata kwa bahati mbaya, maana doa linakamata chochote. Nikasema nimeelewa, na kweli nilielewa. Tatizo glavu zile zilinitoa jasho kama niko duarani, chini kwenye shimo la dhahabu, kwa hiyo moja nikampulizia Asteria ikawa puto lenye vidole.

Na lile doa. Hebu niseme wazi hapa, msomaji asije akanionea. Mtu yeyote wa kwetu ukimwekea dhahabu mbele yake, iwe punje au pete, atafanya kitu kimoja kabla hajavuta pumzi: ataisugua kwa kidole gumba. Ndivyo tunavyoijua kama ni yenyewe. Ukiizuia hiyo, ni kama kumzuia mtu asipepese macho. Kila nilipotoa kipande kwenye pakiti, kidole gumba kilikwenda chenyewe, sugu, sugu, nikasema "ni yenyewe", nikachomeka.

Kuna la pili, dogo zaidi. Alfajiri, kabla Zipora hajaamka, nilikuwa napita kwenye mwalo wa Athanas kuosha marudio, ule mchanga ambao wengine wamekwisha kuuosha na kuutupa. Ukiuosha tena kwa makini hukosi kitu. Sasa kuosha marudio si kushika zebaki. Ni kuisalimia. Unaimwagia kidogo kwenye karai, unaikoroga, unaikamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge cheupe, mnaagana. Halafu sabuni ya mche. Kama hiyo ni kushika, basi na anayepeana mkono na polisi naye ni polisi.

Basi. Suzana akaenda kupima upande wa lambo, mimi akaniachia kipimo cha pili nianze na kisima. "Namba utakayopata," akasema, "usimwambie mtu mpaka nirudie mwenyewe."

Nilipima mbele ya akina mama wote na ndoo zao. Nikasugua doa, nikachomeka, nikadondosha maji. Kioo kikawa chekundu. Thelathini na moja.

Nilinyamaza kama nilivyoagizwa, kwa muda wa kutosha kuvuta kamasi. Kisha nikasema, "Akina mayu, mwageni hayo maji."

Kabla Suzana hajarudi kutoka lambo, thelathini na moja ilikuwa imefika sokoni, imefika kanisani, imefika kwa Athanas. Zipora aliacha gauni la watu kwenye cherehani likiwa na mkono mmoja, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Otmar, akataka mkutano.

Suzana alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Nilikwambia usiseme."

"Dada, mimi sikusema. Nilishauri."

"Na kama umekosea?"

"Nimekosea wapi? Namba imetoka kwenye kipimo chako."

Siku ya mkutano Suzana aliamka mapema akachota maji ya kisima mwenyewe, akayatia kwenye chupa zake za maabara, akazifunga.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kitongoji. Wachimbaji walikuja na mavumbi yao, akina mama walikuja na ndoo tupu, wakazipanga mbele kama askari wa gwaride. Hilo lilikuwa wazo la Zipora. Mama Masalu, anayeuza uji karibu na mwalo, alileta chupa zake mbili kubwa za uji akakaa nyuma, maana mkutano ni mkutano na biashara ni biashara.

Zipora akasema alichokuja kusema: mwalo utoke juu ya kisima. Hakuongeza chumvi. Akasema namba, akakaa.

Athanas akasimama. Mkononi alikuwa na chupa ya maji ya dukani, imefungwa, kizibo hakijaguswa.

"Mwenyekiti, mimi sina maneno. Haya ni maji ya kiwandani. Naomba kijana atupimie. Huyo huyo aliyetangaza."

"Nitapima mimi," Suzana akasema.

"Hapana, mama. Aliyetangaza ndiye apime. Au sivyo, jamani?"

Watu wakasema ndivyo. Nami, nisifiche, nilikuwa natamani. Watu wote wale, macho yote kwangu. Nikakunja mikono ya shati, nikatoa kipande, nikakionyesha huku na huku kama mganga, kidole gumba kikafanya salamu zake, nikachomeka. Athanas akafungua chupa mbele ya watu. Nikadondosha.

Kioo kikawa chekundu. Ishirini na saba.

Kicheko kikaanzia kwa wachimbaji, kikapanda mpaka kwa mwenyekiti.

"Kumbe na kiwandani kuna mwalo," Athanas akasema, akatikisa kichwa kwa huruma. "Pimeni na mate yangu basi. Pimeni na ubatizo wa padri."

Mimi huwa sikosi neno. Nikasema, "Ni jua. Jua la Shinyanga linachanganya hata redio." Walicheka zaidi, na safari hii hawakucheka kwa ajili yangu.

Watu wakaanza kunyanyuka, wanakung'uta makalio. Mwenyekiti akafungua mdomo afunge mkutano. Pale ndipo nilipomwona dada yangu anasimama, amemshika Asteria mkono mmoja na tumbo mkono wa pili.

"Mzee Otmar, shikamoo."

"Marahaba, lakini Mama Asteria, umeona mwenyewe."

"Nimeona. Wamecheka, na wacheke. Wakimaliza watanikuta hapa hapa. Sikuja kuchekesha na sitaondoka kwa sababu nimechekwa. Mkifunga mkutano, nitakaa kwenye huu uwanja na ndoo yangu. Mkienda kulala, mtanikuta asubuhi. Kuna mtoto anakunywa yale maji kwa kikombe na mwingine anayanywa humu ndani, hajui hata kuyakataa. Anayetaka niondoke aje anibebe, na ajue nina uzito wa watu wawili."

Akina mama walikalia tu ndoo zao. Ndoo moja baada ya nyingine ikageuzwa, ikakaliwa, na waliokuwa wamenyanyuka wakaona aibu kuwapita.

Suzana akaja mbele. Alichukua kile kipande kutoka kwenye kipimo changu, akakitazama juani, kisha akatazama mikono yangu. Nikaitia mfukoni.

"Kipimo ni kizima," akasema kwa sauti. "Lakini anayepima akiwa na zebaki mikononi, hata kidogo, kitampima yeye, hakitapima maji. Mimi mmenikataa, basi nahitaji mwenyeji ambaye hajawahi kushika zebaki kabisa. Nani?"

Nakwambia, sijawahi kuona watu wengi hivyo wakikagua mikono yao kwa wakati mmoja. Wachimbaji waliitazama. Wanunuzi wa dhahabu waliitazama. Mwenyekiti wa kitongoji aliificha nyuma. Mama Masalu akasema yeye hajashika, ila noti anazopokea zimeshikwa na nani asiyeishika, kwa hiyo asihesabiwe.

"Mimi," Zipora akasema. "Mimi nashika sindano."

"Huyu ni mlalamikaji," Athanas akaruka.

"Basi njoo upime wewe, Baba Selestine."

Athanas akatazama vidole vyake vyenye pete. Akatabasamu. "Apime. Lakini aanze na maji yangu."

"Naanza na yako."

Suzana akampa glavu, akamwelekeza. Zipora alikishika kipande mkiani kama anavyoshika kitambaa cha hariri cha mteja, akakichomeka. Asteria alikuwa amenikimbilia mimi, anavuta suruali yangu. Tone la maji ya dukani likaanguka juu ya doa. Tukasubiri. Kioo kikawa kijani. Sifuri.

"Semeni wenyewe," Zipora akasema. "Sasa hiki kipimo ni kizima au ni kibovu?"

Athanas alikuwa anacheka meno yote. Yalikuwa maji yake, yameshinda. "Sasa kinasema kweli. Mmeona? Nilisema tatizo ni yule kijana. Sasa ndiyo kinasema kweli."

"Mwenyekiti, umemsikia."

"Nimemsikia," mzee Otmar akasema. "Wote tumemsikia."

Zipora akatoa kipande kipya. Suzana akafungua chupa ya maji ya kisima. Nadhani ni wakati ule ndipo Athanas alipoelewa alichokisema, kwa sababu alivua kofia, na mimi sijawahi kumwona bila kofia. Tone likaanguka.

Kioo kikawa chekundu. Kumi na moja.

Zipora akarudia kwa chupa ya pili. Kumi na moja tena.

Haikuwa thelathini na moja niliyoitangaza, lakini hakuna aliyeijali tena ile. Zipora aliinama, akachota kikombe kutoka kwenye ndoo ya maji ya kisima iliyoletwa kwa ajili ya kunawa, akatembea nacho taratibu mpaka mbele ya Athanas, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu, goti moja limekunjwa kama anamkaribisha mkwe.

"Karibu maji, Baba Selestine."

Athanas akakitazama kikombe. "Nimeshakunywa nyumbani."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha akina mama peke yao, na kilikaa sana.

Mwenyekiti akapigisha kura ya mikono. Ilinyooka mikono mingi kuliko nilivyotarajia, na mingine ilikuwa ya wachimbaji wenyewe, wenye wake waliokuwa wamekaa juu ya ndoo wanawatazama. Mwalo uhamie ng'ambo ya barabara, kule maji yanakoteremkia upande wa pili, kabla mvua hazijaanza. Mfereji uzibwe siku ile ile.

"Tutaonana halmashauri," Athanas akasema, akavaa kofia yake.

"Tutaonana," Zipora akajibu. "Nitakuja na kikombe."

Vijana walikwenda na majembe kuziba mfereji kabla jua halijashuka. Mimi nilimpandisha Asteria mabegani, nikawa napita katikati ya watu napokea pongezi. Zilikuwepo, kama ukijua kuzidai. Nilikuwa namweleza mzee mmoja jinsi kosa langu la makusudi lilivyomtega Athanas, Suzana akanisimamisha.

"Denis. Ile ishirini na saba ilitoka wapi?"

"Si nilisema, dada. Jua."

"Zipora alipima juani pale pale."

"Yeye ana kivuli kikubwa zaidi."

Zipora alikuwa amefika, anavua glavu kidole kimoja kimoja. Hakucheka.

"Mdogo wangu, nitazame. Umeshika zebaki?"

"Mimi?" Nikainua mkono mmoja juu, wa pili umeshika mguu wa Asteria. "Dada Zipora, tangu huyu mtoto azaliwe, hii mikono haijui zebaki ina baridi au ina joto. Nikikudanganya nisikue."

Nikaona anaanza kuniamini, kwa sababu alitaka sana kuniamini, na mimi nikaanza kutafuta utani wa kufungia.

Mama Masalu alikuwa anapita na chupa zake tupu za uji. Akasimama, akaweka mzigo chini.

"Mwadila, mwanangu. Afadhali nimekukuta," akanisalimia kwa Kisukuma, akaingiza mkono ndani ya khanga. "Jana alfajiri uliacha kitambaa chako kwenye benchi langu ulipotoka kule mwaloni. Nikasema huyu kesho atakamulia nini, maskini, nikakutunzia."

Akaninyooshea. Kilikuwa kimekunjwa vizuri. Nilichelewa kukipokea, kikafunguka mkononi mwake, na kutoka kwenye kona moja likadondoka tone jeupe, zito, likaanguka mavumbini katikati yetu, likagawanyika mara tatu, likatulia likimetameta.

Nilitafuta neno. Huwa sikosi.

Zipora alinyoosha mikono yake, ile ile iliyotoa sifuri, akamtoa Asteria mabegani mwangu.